Maswali ya wazazi wa Tabora kuhusu mtoto mchanga: kunyonya, kulala na kukua

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wiki kwenye benchi la kliniki, kuanzia Tabora mjini hadi Urambo na Sikonge. Mengi huulizwa kwa sauti ya chini, kwa sababu mama anaogopa kuonekana hajui. Majibu yameandikwa kwa mama, lakini baba, bibi na mama mkwe nao wayasome, maana mara nyingi wao ndio wenye kauli ya mwisho nyumbani.

Mtoto amezaliwa. Aanze kunyonya saa ngapi?

Ndani ya saa ya kwanza, kabla hata ya kuogeshwa. Akaushwe, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano yanayoitwa dang'a, hutoka kidogo sana na watu hukata tamaa. Kidogo hicho ndicho kinachomtosha, maana tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo mno. Bado kuna nyumba zinazokamua dang'a na kumwaga kwa kudhani ni maziwa machafu. Tafadhali msimwage. Yamejaa kinga ambayo mtoto hawezi kuipata mahali pengine. Aliyejifungua kwa upasuaji naye ananyonyesha mapema, mradi apate mtu wa kumshikia mtoto akiwa amelala ubavu.

Bibi anataka kumlambisha asali. Asali yetu ni safi, kuna ubaya gani?

Swali hili la Tabora linastahili jibu refu, kwa sababu asali hapa ni heshima na ni dawa, na anayeileta huileta kwa upendo. Lakini mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asipewe asali hata tone. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo hazimdhuru mtu mzima. Kwenye utumbo wa mtoto mchanga mbegu hizo zinaweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto huanza kwa kufunga choo, kisha sauti ya kilio inafifia, kope zinalegea, kunyonya kunakuwa dhaifu, na mwishoni hata kupumua kunashindikana. Usafi wa asali hauondoi hatari hiyo. Iwe imetoka kwenye mzinga wa gome porini Sikonge au kwenye chupa ya dukani, hali ni ileile. Kuichemsha jikoni nako hakuui mbegu hizo. Familia za Kiislamu zinazomfanyia mtoto tahniki, yaani kumpaka kitu kitamu kaakaani akiwa mchanga, hutumia tende, na asali isichukue nafasi yake.

Mama anayenyonyesha anaweza kula asali bila wasiwasi, kwa sababu mbegu hizo hazipiti kwenye maziwa yake. Bibi akiambiwa kwa adabu, "Bibi, hii tunamwekea akifikisha mwaka, sasa hivi mpe mama yake," mara nyingi anaelewa.

Maziwa yangu hayatoshi. Nitajuaje, na nifanye nini?

Hakuna swali linaloulizwa kuliko hili, wala hakuna hofu inayowafanya wengi kuwahi kuwapa watoto uji kuliko hii. Mama anahisi matiti yamelegea, mtoto analia jioni, jirani anasema "huyo ana njaa huyo", na siku ya pili kikombe cha uji kimeshaingia. Dalili zote mbili hizo hazitoshi kusema maziwa ni machache. Baada ya wiki chache matiti hulainika kwa sababu mwili umejifunza kiasi anachohitaji mtoto. Na kilio cha jioni kipo kwa watoto wengi wa wiki 3 hadi 8, walioshiba na wasioshiba.

Angalia nepi. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku na usiku, na mkojo wake hauna rangi nzito. Angalia na uzito. Siku za mwanzo hupungua kidogo, hata kufikia sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, na kwa kawaida huurudisha akifika wiki mbili. Baada ya hapo mstari kwenye kadi ya kliniki unatakiwa kupanda. Kama unapanda, maziwa yanatosha, hata jirani aseme nini.

Kama haupandi, au chuchu zinauma na kuchubuka, tazameni kwanza jinsi anavyoshika ziwa, kwa sababu hapo ndipo shida nyingi zinapoanzia. Mgeuze mtoto mwili mzima akutazame, tumbo lake liguse lako, na shingo isipinde. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu na usubiri apanue kinywa hasa, kama mtu anayepiga miayo, ndipo umvute kwenye ziwa. Akishika vizuri, kidevu kinagusa ziwa, mdomo wa chini umepinduka nje, na lile eneo jeusi linaonekana zaidi juu kuliko chini. Utamwona ananyonya taratibu kwa nguvu, anatua, na utasikia anameza. Akivuta chuchu peke yake utasikia maumivu, naye atabaki na njaa ingawa amekaa kwenye ziwa nusu saa. Ingiza kidole kidogo pembeni ya mdomo wake, mwachishe, muanze upya.

Baada ya hapo mnyonyeshe mara nyingi zaidi: mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Ziwa linalonyonywa hutengeneza, lisilonyonywa hupunguza. Ndiyo maana uji au maziwa ya ng'ombe anayopewa mtoto wa miezi miwili ndiyo hasa yanayoyapunguza maziwa ya mama. Mama naye ale: ugali, mlenda wa karanga, maharage, uji wa ulezi, na anywe maji kila kiu inapomjia. Hakuna chakula kimoja cha ajabu kinacholeta maziwa. Kinachosaidia kuliko supu yoyote ni mtu mwingine kuchota maji na kupika, mama apate kukaa na kunyonyesha bila haraka.

Mwezi wa kumi joto ni kali. Asipewe hata maji kidogo?

Hapana. Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa, takriban asilimia 88, ni maji. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Maji anaanza akifika miezi 6, pamoja na chakula, na yawe yamechemshwa. Maji ya sukari, maji ya dawa ya mchango na chai navyo asipewe.

Tuna shamba la tumbaku. Naweza kunyonyesha nikitoka shambani?

Unaweza, na uendelee. Ila majani mabichi ya tumbaku yana nikotini inayopita kwenye ngozi, hasa yakiwa na umande au ngozi ikiwa na jasho. Ndiyo maana wachumaji wengine hupata kizunguzungu na kutapika. Nikotini hiyo hufika kwenye maziwa, na hushika nguo. Ukitoka shambani au kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, vua nguo za kazi, oga au angalau nawa kwa sabuni mikono, kifua na uso, ndipo umpakate mtoto. Usimlaze kwenye kivuli cha bani wala juu ya marobota, usimbebe mgongoni ukichuma, na asiwe karibu wakati wa kupulizia dawa. Kama familia inaweza kukupangia kazi nyingine miezi ya mwanzo, iombe bila aibu. Na anayevuta sigara avutie nje, mbali na mlango.

Eti tukikutana kimwili na mume wangu mtoto atabemendwa?

Tendo la ndoa haliharibu maziwa wala halimdhoofishi mtoto. Mtoto anayeitwa amebemendwa, yule aliyevimba miguu, nywele zimekuwa nyepesi na zimebadilika rangi, miguu haina nguvu, mara nyingi ana utapiamlo mkali, au ana ugonjwa kama kifua kikuu au VVU ambao haujagunduliwa. Anahitaji hospitali siku hiyohiyo. Inauma kuona mama analaumiwa kwa tabia huku mtoto anakosa matibabu.

Wazee waliosisitiza kusubiri walikuwa wanalinda kitu cha kweli: mimba ya haraka humnyima mtoto ziwa na humchosha mama. Leo kuna njia za kupanga uzazi zisizoathiri maziwa, kama kitanzi na vipandikizi. Kunyonyesha pekee nako huzuia mimba, lakini kwa masharti matatu yote pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu usiku na mchana bila kitu kingine, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, nenda ukapate njia nyingine.

Nina VVU. Ninyonyeshe?

Ndiyo. Meza dawa zako kila siku bila kuruka, na mpe mtoto maziwa yako peke yake kwa miezi 6, kisha uendelee kunyonyesha pamoja na chakula. Mtoto atapewa dawa ya kinga baada ya kuzaliwa na atapimwa akiwa na wiki 4 hadi 6. Usikose tarehe hiyo. Kuchanganya maziwa yako na uji au maziwa mengine kabla ya miezi 6 huongeza hatari.

Likizo inaisha. Maziwa nitayaachaje nyumbani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha muda usiozidi saa 2 kwa siku. Wengi hawaujui muda huo na hivyo hawauombi. Uombe.

Maziwa kamua kwa mkono uliooshwa, kwenye chombo kilichooshwa na kuchemshwa, chenye mfuniko. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya chuchu, bonyeza kuelekea kifuani halafu minya. Usivute chuchu. Kwa joto la Tabora, maziwa yaliyo nje ya friji yatumike ndani ya saa 4. Kwenye friji hukaa hadi siku 4. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, na usiyachemshe. Mnyweshe kwa kikombe kidogo, akiwa amekaa wima mapajani. Kikombe huoshwa kikatakata, wakati chupa na nyonyo huficha uchafu unaoleta kuhara.

Akifika miezi 6 nimpe nini?

Hapa Tabora haina umaskini wa chakula cha mtoto, ila tumezoea kumpa uji mweupe mwepesi unaomiminika kama maji. Uji huo unajaza tumbo na hauleti nguvu. Uji wa mtoto uwe mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike haraka. Anza na vijiko 2 hadi 3 vya chakula, mara 2 au 3 kwa siku, huku ukiendelea kunyonyesha. Ongeza polepole hadi nusu ya kikombe cha mililita 250 kwa mlo. Kuanzia miezi 9 mpe milo 3 hadi 4 na kitu kidogo katikati. Akitimiza mwaka, mlo wake ni robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Maziwa ya mama yaendelee hadi miaka 2 au zaidi.

Ndani ya uji au pembeni yake weka kitu chenye kujenga mwili. Dagaa wa Kigoma wanaoingia na treni ni bora sana kwa hili. Wachambue mchanga, waoshe kwa maji ya moto, wakaushe, wakaange bila mafuta hadi wakatike kwa vidole, watwange, uchekeche. Kijiko cha unga huo huingia kwenye uji unapokaribia kuiva. Yai lililoiva vizuri, maharage yaliyopondwa na kuondolewa maganda, na karanga zilizosagwa laini ni njia nyingine. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maboga, embe wakati wake, matembele na majani ya maboga vitie damu na kinga, na tone la mafuta liongeze nguvu. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, visipewe vikavu. Vichemshe hadi vilainike kabisa, uvisage. Karanga nzima zisifike mikononi mwake kabla ya miaka 5, maana huziba koo.

Neno kuhusu unga wa lishe wenye nafaka na mbegu kumi. Kuongeza aina hakuongezi lishe kwa kiasi kile watu wanachodhani, na soya isiyopikwa ipasavyo humsumbua mtoto tumbo. Nafaka moja au mbili zinatosha, halafu dagaa, maharage na mboga vipikwe siku hiyo. Kilicho kikubwa ni usafi wa nafaka. Mahindi na karanga zilizoingia ukungu hubeba sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zilizosinyaa zitupwe. Zisisagwe kwa ajili ya mtoto wala zisipewe kuku.

Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja, na yakitumika kwenye chakula yachemshwe. Chumvi na sukari havihitaji.

Anatakiwa kulala saa ngapi, na mbona ananikesha?

Hadi miezi 3, mtoto hulala saa 14 hadi 17 kati ya 24, kwa vipande vifupi. Kuanzia miezi 4 hadi 11 ni saa 12 hadi 16 pamoja na usingizi wa mchana. Kuamka usiku kunyonya ni kawaida na si tabia mbaya. Mchana muweke penye mwanga na kelele za nyumba. Usiku taa iwe hafifu, usimchezeshe, mnyonyeshe na umlaze. Taratibu atatofautisha.

Kila anapolala, alazwe chali. Godoro liwe gumu, pasiwe na mto, blanketi zito wala nguo zilizorundikana karibu na uso. Familia nyingi hulala na mtoto kitanda kimoja, na kwa wengi hakuna nafasi nyingine. Basi awe upande wa mama, mbali na ukingo na wakubwa wengine. Asilale na mtu aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa za usingizi. Aliyezaliwa njiti au chini ya kilo 2.5 awe na sehemu yake pembeni ya kitanda. Na usisinzie naye kwenye kochi.

Chandarua chenye dawa ni kila usiku, kiangazi na masika, kimechomekwa chini ya godoro. Mkoa wetu una malaria nyingi na mtoto hana cha kujitetea nacho.

Mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi, na watu huingiza jiko la mkaa chumbani. Msifanye hivyo kamwe. Hewa yake haina harufu, na huua familia nzima ikiwa usingizini. Mvalisheni nguo mbili nyepesi, kofia na soksi, na alale karibu na joto la mama.

Analia sana, wanasema ana kimeo, mchango au meno ya plastiki.

Usiruhusu mtu yeyote amkate kimeo wala amchimbe fizi. Kinachoitwa meno ya plastiki ni meno ya kawaida ambayo hayajaota. Watoto huletwa wakivuja damu, wakiwa na maambukizi, na wengine huchelewa mno. Mtoto anayekohoa, anayehara au mwenye homa anaumwa ugonjwa unaotibika. Anayelia jioni tu, ananyonya na anaongezeka uzito, mcheulishe, mbebe wima, tembea naye, muimbie. Ukihisi uvumilivu umekwisha, mpe mtu mwingine au mlaze mahali salama utoke nje kidogo. Usimtikise, kwa sababu ubongo wake huumia.

Kitovu nikipake nini?

Kama mhudumu hakukuandikia dawa, hakuna. Majivu, mate, mafuta ya kupikia na kinyesi cha ng'ombe huleta pepopunda na uambukizo. Kiache wazi na kikavu. Huanguka ndani ya wiki moja hadi mbili.

Nitajuaje kama anakua vizuri akilini na viungoni?

Watoto hutofautiana, na kumpima mwanao kwa mtoto wa jirani kunakosesha usingizi bure. Kwa kawaida tabasamu la kumjibu mtu huja wiki ya 6 hadi ya 8. Shingo hukaza miezi 3 hadi 4. Hukaa bila kushikiliwa karibu na miezi 6 hadi 8, na kutembea kunaweza kuja kabla ya mwaka au hata kwenye mwezi wa 17. Wapo wasiotambaa kabisa, wanasimama moja kwa moja. Mpeleke kuonwa kama kwenye miezi 3 hafuati kitu kwa macho wala hashtuki kwa sauti, kama miezi 9 hakai hata akisaidiwa, kama mwili umekakamaa au umelegea sana, au kama amepoteza jambo alilokuwa analiweza.

Anachokihitaji hakinunuliwi. Zungumza naye tangu siku ya kwanza: unapomwogesha, taja mkono, taja mguu, nyamaza umpe zamu ya kujibu, naye atakujibu kwa macho na kwa sauti. Bibi aongee Kinyamwezi, mama aongee Kiswahili. Lugha mbili hazimchelewishi. Mlaze kifudifudi akiwa macho, dakika chache mara kadhaa kwa siku, ukiwa mbele yake. Mpe kopo safi, kijiko cha mbao, kitambaa cha kujificha na kujifichua. Kumbeba mgongoni kwa kanga, mapaja yakiwa yametanuka kiunoni pako, ni vizuri kwa nyonga zake. Simu na televisheni havina kazi kwake mwaka wa kwanza.

Kliniki ni lini?

Chanjo ya kifua kikuu na polio hutolewa anapozaliwa, kisha kuna wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na surua na rubela miezi 9 na 18. Matone ya vitamini A huanza miezi 6 na hurudiwa kila miezi 6. Baina ya hapo, nenda kila mwezi kupima uzito. Baba aende pia.

Ni dalili zipi hazisubiri asubuhi?

Kwa mtoto wa chini ya miezi 2: ameacha kunyonya au ananyonya kwa udhaifu, amepata degedege, mwili una joto la 37.5 au zaidi au umekuwa wa baridi, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, amelegea haamki, viganja na nyayo ni za njano, au kitovu kimezungukwa na wekundu na usaha. Jua la asubuhi haliponyi umanjano huo. Kwa mkubwa zaidi ongeza kutapika kila kitu, damu kwenye choo, na macho kudidimia anapohara. Anayehara anyonye zaidi, apewe ORS (maji ya chumvi na sukari ya pakiti) na zinki kama mhudumu alivyoelekeza.

Degedege haiwi sababu ya kupitia kwa mganga kwanza. Nendeni kituo cha afya kilicho karibu, nao watawapa rufaa ya Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, ikihitajika. Njiani mshikeni kifuani ngozi kwa ngozi ili asipoteze joto, mnyonyeshe kama bado anaweza kumeza, na mbebe kadi yake.